Viwakilishi katika ufahamu wa Kiingereza kuhusu elimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya kuhusu viwakilishi, yaani maneno yanayosimama badala ya nomino, ni kwa wanafunzi wa sekondari, watu wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza ya kimataifa, na walimu wanaosahihisha ufahamu. Mifano yote inahusu elimu, kwa kuwa mada hiyo haikauki katika vifungu vya mitihani: karo, mitaala, lugha ya kufundishia, wasichana na shule. Maneno ya Kiingereza yanayojadiliwa yameandikwa kwa italiki.

## Misingi

1. Swali la "neno *it* linarejelea nini" linapima kitu gani hasa?

Linapima kama unafuatilia nani anafanya nini kutoka sentensi moja hadi nyingine. Mwandishi akishamtaja *the head teacher* mara moja, hamrudii kwa jina. Anaendelea na *she*, kisha *her*, kisha *this decision*, na anategemea msomaji aende naye. Ukipotea hapo hupotezi alama ya swali hilo tu. Utamhesabia mzazi alichofanya mwalimu, na majibu mawili matatu yanayofuata yatapinda vilevile.

Swali lenyewe huja wazi au likiwa limejificha. TOEFL, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa miaka mingi iliuliza moja kwa moja neno fulani linarejelea nini. Katika ufahamu wa Kidato cha Nne, KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) au IELTS (mtihani mwingine wa kimataifa), mara nyingi limejificha ndani ya swali la kawaida kama "Kwa nini wazazi walilalamika?", na jibu liko kwenye sentensi inayoanza na *they*.

2. Ni maneno gani ya kuangalia?

Ni mengi kuliko *he, she, it, they*. Kuna ya kumiliki (*his, her, its, their*), ya kuonyesha (*this, that, these, those*), ya kuunganisha (*who, which, that, where*), na yale yanayosahaulika: *one, ones, both, some, others, each, such, the former, the latter*. Hata *there* na *do so* hubeba maana kutoka sentensi iliyopita. Mtahini mzoefu hupenda haya ya mwisho, kwa sababu wanafunzi wengi huyapita bila kuyaona.

3. Mbona nikisoma Kiswahili sipotei, nikisoma Kiingereza napotea?

Kwa sababu Kiswahili kinakuonyesha kwa kiambishi, na Kiingereza hakikuonyeshi. Tazama sentensi hii:

*The school received the new textbook in March, but it did not use it.*

Kwa Kiswahili: "Shule ilipokea kitabu kipya mwezi Machi, lakini haikukitumia." Ndani ya neno hilo moja, *-i-* ni shule na *-ki-* ni kitabu. Hakuna cha kubishania. Kiingereza kimeweka *it* mbili zinazofanana herufi kwa herufi. Unazitenganisha kwa nafasi na kwa akili: ya kwanza ni kiima, yaani mtendaji, na kitabu hakiwezi kutumia chochote, kwa hiyo ya kwanza ni shule na ya pili ni kitabu.

Ngeli zote za vitu katika umoja (mti, jiwe, kitabu, shule, ukuta) zinamezwa na *it*. Katika wingi, watu na vitu vyote vinamezwa na *they*. Msomaji aliyezoea kuongozwa na ngeli hufika kwenye *they* akabaki hajui kama ni walimu, madawati au matokeo ya mtihani.

Kuna upande mmoja ambao Kiingereza kinasaidia zaidi: *he* na *she*. "Alimuuliza kwa nini amechelewa" haisemi mwanamume ni yupi. Lakini kama kifungu kimeshamtaja mkaguzi kuwa *Mr*, basi katika *The inspector asked the teacher why she was late* hakuna utata: aliyechelewa ni mwalimu. Wakati mwingine *she* ndiyo dalili pekee ya jinsia ya mtu katika kifungu kizima, na wanafunzi huipita kisha wakaandika *he* kwenye jibu kwa mazoea.

## Namna ya kutafuta

4. Nianzie wapi ninapoona kiwakilishi?

Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Zungushia kiwakilishi, ukatazame umbo lake: umoja au wingi, mtu au kitu, mwanamume au mwanamke, kiima au shamirisho.
2. Rudi nyuma sentensi moja, mbili zikilazimu. Pigia mstari kila nomino inayolingana na umbo hilo. Hao ndio wagombea.
3. Angalia kitenzi kilicho karibu na kiwakilishi. Uliza: kati ya wagombea, nani anaweza kufanya au kufanyiwa jambo hili?
4. Pachika nomino nzima mahali pa kiwakilishi, usome sentensi yote upya.
5. Soma sentensi inayofuata. Kama jibu lako linaigonga, rudi hatua ya pili.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi, hasa dakika zikiwa zinayoyoma. Hatua ya kwanza nayo inaweza kumaliza kazi peke yake: kama neno ni *them* na wagombea ni *the ministry* na *the pupils*, kwa kawaida umeshapata jibu (isipokuwa yale ya swali la 11).

5. Naomba mfano mzima, si sentensi mojamoja.

Kifungu hiki kifupi kina viwakilishi vya kutosha:

*In 2003 Kenya abolished fees in its public primary schools, and over a million additional pupils enrolled. Some of them were well past school age. Head teachers welcomed the policy, but they warned that it would strain the classrooms they had. This soon happened. Parents who could afford it moved their children to private schools, where classes were smaller than those in the public ones.*

*Its* ni Kenya, rahisi. *Them* ni *the additional pupils*, yaani wanafunzi wapya waliojiandikisha, si wanafunzi wote wa Kenya. Ukiandika *pupils* peke yake umepanua maana.

*They warned*: wagombea wa wingi ni *pupils*, *schools* na *head teachers*. Sentensi ina kiima kimoja, *head teachers*, na kiunganishi *but* kinaendeleza habari zake: walifurahia, lakini walionya. *It would strain* ni *the policy*, nayo sera hiyo ni kufuta karo. *They had* ni walimu wakuu tena.

*This* hairejelei nomino yoyote. Inarejelea jambo zima: madarasa kuelemewa (tazama swali la 7). *Who* ni *parents*.

Sasa angalia *afford it*. Wengi huandika *the policy*, kwa kuwa *it* ya juu ilikuwa sera. Lakini sera ya kufuta karo hailipiwi na mzazi. Alichoweza kumudu mzazi ni kuwahamishia watoto shule binafsi, na hilo limetajwa baada ya *it* (tazama swali la 13). *It* mbili katika aya moja zinaweza kuwa na wenyewe wawili. Usibebe jibu la kwanza hadi la pili bila kupima.

*Their* ni wazazi, *where* ni *private schools*, *those* ni *classes*, *ones* ni *schools*. Mbili hizi za mwisho hubadilishana mara kwa mara kwenye karatasi za majibu. Pachika uone: *smaller than the classes in the public schools*. Inakaa sawa. Ukizigeuza, sentensi inavunjika.

6. Nomino iliyo karibu zaidi ndiyo jibu, sivyo?

Sivyo. Ukaribu ni dalili dhaifu kuliko zote, na watunga maswali wanajua kuwa wewe unautegemea. Kiwakilishi kilicho kiima huelekea zaidi kwenye kiima cha sentensi iliyotangulia, hata kama kuna nomino nyingine iliyo karibu zaidi.

Mtego mkubwa ni nomino mbili zilizounganishwa na *of*. Linganisha:

*The number of girls in secondary schools has risen. It is still low in remote districts.*

*The number of girls in secondary schools has risen. They still face long walks to class.*

Katika ya kwanza *it* ni *the number*. Kitenzi *is* kimefunga mjadala. Katika ya pili *they* ni *girls*. Vivyo hivyo kwa *the cost of uniforms*, *the quality of teachers*, *the shortage of desks*. Nomino inayoitangulia *of* ndiyo kichwa, na ukiona umoja, anza nayo.

## Maneno yanayosumbua

7. *This* na *that* zinarejelea neno gani?

Mara nyingi hazirejelei neno bali jambo zima lililosemwa. Chukua mfano huu:

*The Musoma Resolution of 1974 called on Tanzania to reach universal primary education by 1977. This required thousands of new teachers. Many of these were primary school leavers who trained while they taught.*

*This* si azimio wala si Tanzania. Ni kufikia elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Kuliandika jibu lake kunahitaji ufundi kidogo: chukua kitenzi cha sentensi iliyopita ukigeuze kuwa kirai cha nomino. *To reach* inakuwa *reaching universal primary education by 1977*. Jibu la *education* peke yake halitoshi, na jibu linalonakili sentensi nzima kuanzia *The Musoma Resolution* linaonyesha hukuchagua.

*These* ni hadithi nyingine. Ni wingi, ina nomino yake, nayo ni *new teachers*. Ikitokea *this* imefuatwa na nomino, kama *this target* au *this problem*, umepewa zawadi: nomino hiyo inakuambia utafute lengo au tatizo katika sentensi iliyopita.

8. *Which* inarejelea nomino inayoitangulia tu?

Angalia koma. *The results which were released on Friday* inahusu *results*. Lakini *The ministry delayed the results, which worried parents* haisemi matokeo yaliwatia wazazi wasiwasi. Kilichowatia wasiwasi ni ucheleweshaji. Kiswahili kinatenganisha mambo haya bila shida: "matokeo ambayo" dhidi ya "jambo ambalo". Kama unaweza kutafsiri *which* kwa "jambo ambalo" na sentensi ikakaa, basi inarejelea kishazi kizima.

9. Je, kuna *it* isiyorejelea kitu?

Ipo. *It is raining*, *it is four o'clock*: hapo *it* inaziba nafasi ya kiima tu, kwa sababu Kiingereza hakiruhusu kitenzi kisimame bila kiima. Kiswahili hakina shida hiyo: "ni saa kumi".

Iko pia *it* inayoshikilia nafasi ya jambo linalokuja mbele: *It is hard for a child to learn science in a language she does not speak at home.* Ukiulizwa, jibu ni *for a child to learn science in a language she does not speak at home*. Inakuja sana katika vifungu vya lugha ya kufundishia, pamoja na *it is argued that* na *it is clear that*. Usirudi nyuma kuitafutia nomino.

10. Nimeona *a student* kisha *they*. Ni kosa la uchapaji?

Si kosa. *A student who misses the exam should see their teacher*: *their* hapa ni ya huyo mwanafunzi mmoja ambaye jinsia yake haijatajwa. Vifungu vya zamani vilitumia *he* kwa maana hiyohiyo, vingine *he or she*. Katika kifungu cha aina hiyo *he* haimaanishi wavulana pekee. Kabla ya kuamua kuwa *they* ni wingi, hakikisha kwamba kuna nomino ya wingi inayofaa. Kama haipo, na kuna *each*, *every*, *anyone* au *a student*, jibu ni mtu huyo mmoja.

11. Ni nomino gani za elimu zinazodanganya umoja na wingi?

Kwanza, zisizohesabika. *Education, homework, information, advice, research, equipment, knowledge* huchukua *it*, hata pale ambapo Kiswahili kinasema kwa wingi. Unaweza kufikiria "vifaa vimefika" ukatafuta *they*, kumbe kifungu kimesema *the equipment arrived and it was locked in the store*. *Mathematics*, *physics* na *news* zina *s* lakini nazo ni *it*.

Pili, za kundi: *staff, government, class, committee, family, team*. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho msingi wa kile kinachofundishwa Afrika Mashariki, kinakubali zote mbili: *The committee has published its report* na *The committee have given their views*. Kwa hiyo usimtupe mgombea wa aina hii kwa sababu tu umekutana na *they*.

Tatu, watu waliotajwa kwa sifa: *the poor, the gifted, the disabled*. Hizi ni wingi daima. *The poor pay more than they can afford*: *they* ni maskini.

12. *The former*, *the latter*, *one*, *such* na *do so* zinafanyaje kazi?

*The former* ni wa kwanza kutajwa kati ya wawili, *the latter* ni wa pili. *Kenya and Uganda both removed primary fees, the latter in 1997*: *the latter* ni Uganda. Wanaozikosea huwa wamesoma haraka tu.

*One* huchukua nomino bila kuchukua kitu kilekile: *The old laboratory burned down, and the village built a new one*. *One* ni *laboratory*, lakini si ile iliyoungua. Kama ingekuwa *rebuilt it*, ingekuwa ileile. *Such* hurejelea aina: *such schools* ni shule za namna iliyoelezwa, kwa hiyo jibu lazima libebe maelezo hayo. *Do so* hurejelea kitendo; jibu lake huanza na kitenzi.

13. Kiwakilishi kinaweza kutangulia nomino yake?

Ndiyo, hasa mwanzoni mwa sentensi: *When they enter Form One, many pupils meet English as the language of almost every subject.* Aliyezoea kurudi nyuma atatafuta *they* katika aya iliyopita. Sentensi ikianza na *when, although, before, because* au *if*, na ndani yake kuna kiwakilishi, soma hadi kiima kikuu baada ya koma kabla hujarudi nyuma.

## Kuandika jibu

14. Jibu liwe refu kiasi gani?

Liwe kirai cha nomino chenye sifa zake zote za lazima, bila kitenzi kikuu (isipokuwa *it* ya swali la 9 na *do so* ya swali la 12). Kama kifungu kina wanafunzi walioacha shule na waliobaki, *the pupils* ni jibu pungufu. *The pupils who dropped out* ndilo kamili. Lijaribu kwa kulipachika (swali la 4). Jibu likipachikika na sentensi ikasomeka, urefu wake unatosha.

Yapo makosa matatu yanayopoteza alama mtu akiwa ameshaelewa: kujibu kiwakilishi kwa kiwakilishi (*it refers to them*), kuandika umoja palipotakiwa wingi (*teacher* badala ya *teachers*), na kujibu kwa maelezo yasiyomo kwenye kifungu.

15. Kwenye maswali ya kuchagua, nitupe chaguo lipi kwanza?

Tupa zisizolingana kwa idadi. Kisha lishuku lile lililo karibu zaidi na kiwakilishi, ulipime kwa kupachika badala ya kulichagua upesi. Chaguo zote huwa zimechukuliwa kutoka kwenye kifungu, kwa hiyo kuliona neno pale si ushahidi.

16. *Its* na *it's*?

*Its* humiliki na ina mwenyewe wa kumtafuta. *It's* ni *it is* au *it has*. Ipanue kwanza, kisha uitendee kama *it* yoyote.

## Visa vya pembeni

17. Nifanyeje kama kweli kuna majibu mawili?

*When teachers mock pupils for speaking Kiswahili, they stop answering questions.* Kisarufi, *they* inaweza kuwa walimu au wanafunzi. Kanuni ya kiima ya swali la 6 ingekupeleka kwa walimu, lakini maana ya kitenzi ina nguvu kuliko nafasi: wanaojibu maswali darasani na kunyamaza wakidhihakiwa ni wanafunzi. Sentensi inayofuata ikisema *Their silence is then mistaken for ignorance*, imethibitika.

Kama hakuna sentensi ya kuthibitisha, chagua maana inayoendeleza hoja ya aya. Kwa mwalimu anayetunga: sentensi isiyoamulika kwa njia yoyote haifai kuulizwa, na mtahiniwa aliyeijibu kwa sababu nzuri asinyimwe alama.

18. *I*, *we* na *you* ndani ya nukuu ni nani?

Tafuta msemaji na msikilizaji nje ya alama za kunukuu. *"We expect you to pay by Monday," the bursar told the parents*: *you* ni wazazi, na *we* ni uongozi wa shule anaousemea mhasibu, hata kama haujatajwa. Nukuu inayofuata inaweza kuwa ya mzazi, na *we* ikageuka mara moja. *You* iliyo nje ya nukuu mara nyingi ni mtu yeyote.

19. *They* isiyo na nomino popote?

*In Finland they start school at seven.* Hakuna nomino ya wingi. Jibu linatokana na kitenzi: wanaoanza shule ni watoto wa Ufini. Katika *they have changed the syllabus again*, wanaobadilisha muhtasari ni wenye mamlaka ya elimu. Jibu la namna hii linaruhusiwa kutoka nje ya maneno ya kifungu, kinyume na kawaida ya swali la 14.

20. Nijizoeze vipi peke yangu?

Chukua habari ya elimu kutoka gazeti la Kiingereza, aya nne au tano. Zungushia viwakilishi vyote, kisha tafsiri sentensi hizo tu kwa Kiswahili, ukiandika vitenzi kamili na viambishi vyake. Huwezi kuandika "yalichelewa", "zilichelewa" au "walichelewa" kabla hujaamua *they* ni nani. Pale kalamu inaposita ndipo hukuelewa, ingawa ulidhani umeelewa.

Ukifika kwenye watu wawili, njia hii inaishiwa nguvu, maana wote ni "a-" na "wa-". Hapo andika cheo au jina juu ya kila *he*, *she* na *they* kwa penseli. Siku ya pili futa, urudie bila kutazama, kisha ulinganishe.